Ua la Sultani kwenye kikombe cha chai: uchambuzi wa kisa kimoja cha Lamu

Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni mtaa wa Mkomani, Lamu, aliagiza dazeni nne za vikombe vikubwa vya kauri vyenye picha ya ua la kizamani, zile picha zilizochorwa na mabingwa wa mimea karne mbili zilizopita. Aliagiza kwa binti anayechapa vikombe na fulana katika duka dogo upande wa Langoni. Siku ya kupokewa vikombe vilimpendeza kila aliyeviona. Msimu wa wageni haujakwisha, baadhi vikawa vimepauka, baadhi vina michirizi, na vichache vimeanza kubanduka ganda. Mama akadai fedha zake zote. Binti akashikilia kwamba kazi yake ilikuwa safi na vikombe vimeharibiwa jikoni. Nimefanya kazi ya udongo na tanuri kwa muda mrefu, nami nawajua wote wawili, basi nikaombwa nikae nao nisikilize. Ninakiandika kisa hiki kwa ridhaa yao, bila majina, kwa sababu vikombe vya namna hii vimeenea pwani yote na watu wananunua bila kujua wanachonunua.

Nianze na picha, maana ndiyo iliyowavutia wote wawili.

Mama alitaka waridi. Wengi hutaka waridi, na picha za waridi za kizamani ni nyingi: Mbelgiji Pierre-Joseph Redouté alizichora Ufaransa na kuzitoa kati ya 1817 na 1824, na hadi leo zimejaa kwenye sahani, mapazia na vikombe vya dunia nzima. Binti akamwambia, "Mama, waridi kila hoteli inayo. Nitakutafutia ua la huku kwetu." Hapo nampa heshima yake kamili, kwa sababu alitafuta kweli. Katika Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni iliyokusanya vitabu vya kale vya mimea na wanyama, alifungua majuzuu ya Curtis's Botanical Magazine, jarida lililoanzishwa London mwaka 1787. Kwenye juzuu la 1882 akakuta ua lililoitwa Impatiens sultani.

Ua hilo lina habari inayotuhusu. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, alipeleka mimea mingi kwenye bustani ya Kew, na huu ulikuwa mmojawapo. Joseph Dalton Hooker, mkuu wa Kew wakati huo, akauandika na kuupa jina la heshima ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka ule aliyekaa kitini alikuwa Sayyid Barghash, na Lamu ilikuwa chini ya bendera yake. Wataalamu walikuja kugundua kwamba Hooker mwenyewe alikwisha kuupa mmea huohuo jina jingine mwaka 1868, Impatiens walleriana, na kanuni yao ni kwamba jina lililotangulia ndilo linalosimama. Jina la Sultani likabaki kwenye picha za zamani tu. Ua lenyewe lina petali tano zilizotandazwa, nyekundu ya kuelekea waridi, na nyuma lina mkia mwembamba mrefu kama uzi. Tunda lake likiiva, ukiligusa tu hupasuka na kurusha mbegu.

Kwa nyumba ya wageni ya Lamu sioni picha iliyofaa kuliko hiyo. Mgeni anauliza ua gani hili, na mwenyeji ana jambo la kumweleza.

Uhalali wa kuitumia nao haukuwa na shaka. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda mchoro mpaka miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji. Uingereza ni miaka 70. Miaka ya 1880 michoro mingi ya jarida ilitoka mkononi mwa Matilda Smith, aliyelichorea tangu 1878 hadi 1923 na kufariki 1926, kwa hiyo muda umepita kwa hesabu yoyote utakayopiga. Mchapaji mwingine asidhani, hata hivyo, kwamba kila ua lenye sura ya kale ni la bure. Kuna viwanda vilivyochukua michoro ya zamani vikaitengenezea mpangilio wake na ukingo wa majani. Portmeirion ya Uingereza inauza vyombo vya aina hiyo tangu 1972. Ua la kitabuni ni la wote. Mpangilio mpya wa kiwanda una mwenyewe, na kuupiga picha kikombeni mwa mtu ukauchapa ni kuiba.

Binti alichukua picha kubwa kutoka kwenye kitabu chenyewe. Eneo la kuchapa kwenye kikombe cha kawaida lina upana wa sentimita 20 hivi, na ili mistari myembamba ya mchoraji isikatike unahitaji kama pikseli 2,360 kwa upana huo. Wachapaji wengi hutumia picha iliyotumwa kwa simu, yenye pikseli 700 au 800, halafu hushangaa ua limekuwa ukungu. Ukikishika kikombe chake kimojawapo kilichobaki kizima, unaona hata mishipa ya majani.

Sasa vikombe vyenyewe. Tulipokaa sebuleni kwa mama, kila mmoja alianza na maneno. Mama alisema, "Mwanangu, mimi nilinunua kikombe, sikununua picha. Kikombe ni cha kuoshwa." Binti, kwa adabu lakini kwa uchungu, akajibu, "Ni kweli, mama. Lakini mimi sikuvitoa dukani vikiwa hivi." Nikaomba vikombe vyote viletwe: vya darini, vya jikoni na vilivyo kabatini. Tukavipanga juu ya mkeka kwa sura ya uharibifu wake, bila kujali nani anasema nini. Vikajigawa vyenyewe mafungu manne, na ugomvi ukapungua palepale, kwa sababu kila fungu lilikuwa na ushahidi wake.

Fungu la kwanza ni vile vya kabatini, vya akiba, ambavyo havikutumika. Vilikuwa na rangi kali kama siku ya kwanza. Rangi basi haikuwa mbovu tangu mwanzo.

Fungu la pili, kubwa zaidi, ni vilivyopauka. Vilipauka upande mmoja tu. Ukizungusha kikombe, upande wa kulia wa mkono ua ni jekundu, upande wa pili limebaki kivuli cha rangi ya mchanga na majani yamekuwa ya kijivu. Nikauliza vinakaushiwa wapi. Darini, nikaambiwa, kwenye kichanja kilicho nje ya kivuli cha makuti, mikono yote imeelekezwa upande mmoja ili isigongane. Jua la asubuhi hadi adhuhuri linavipiga upande uleule kila siku.

Fungu la tatu lilikuwa na michirizi myembamba sana, yote imezunguka kikombe kwa mwelekeo mmoja. Huo ni waya wa kusugulia sufuria. Mfanyakazi wa jikoni, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema bila kuficha kwamba chai ya maziwa huacha utando na waya ndio unaoutoa. Baadhi ya hivyo vilikuwa pia vimefifia kwa namna ya chokaa, sawasawa pande zote; vililazwa usiku kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kutoa madoa.

Fungu la nne ni dogo, lakini ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Vikombe hivi vilibanduka utando karibu na mkono na kwenye ukingo wa chini. Mahali palipobanduka palikuwa na rangi hafifu hata kwenye sehemu iliyobaki, na havikuwa na mchirizi wa waya hata mmoja. Huwezi kumlaumu mwoshaji hapo.

Ili hukumu ieleweke, lazima ijulikane ua linakaaje juu ya kikombe.

Binti alitumia njia ya sablimesheni, ambayo ndiyo ya maduka mengi ya pwani. Picha huchapwa kwenye karatasi kwa wino maalumu, ikiwa imegeuzwa kushoto kulia, karatasi ikavishwa kikombe, kikombe kikabanwa ndani ya mashine yenye joto la nyuzi 180 hadi 200 za selsiasi kwa dakika chache. Wino hugeuka mvuke na kuzama. Unazama wapi? Si kwenye kauri. Kauri haipokei wino huo. Kikombe kilichotengenezwa kwa kazi hii hupakwa kiwandani utando mwembamba wa plastiki aina ya poliesta, na ua zima linaishi ndani ya utando huo. Ni rangi ya asili moja na rangi za nguo, na jua huila kama linavyokula leso iliyoanikwa. Utando wenyewe ni laini, waya unaukwaruza, klorini inauchakaza. Ukiwa umepakwa vibaya kiwandani, au mashine isibane sawasawa karibu na mkono wa kikombe, hubanduka.

Njia ya pili ni stika ya kuchomea. Picha huchapwa kwa rangi za madini, huloweshwa, hutelezeshwa juu ya kikombe kilichokwisha kuchomwa, kisha kikombe hurudishwa tanurini kwenye nyuzi kama 750 hadi 850. Kwenye joto hilo ngozi ya kioo iliyo juu ya kauri hulainika na kuimeza rangi. Ya tatu, iliyo ngumu na ya kudumu kuliko zote, ni kuchora juu ya udongo kabla ya ngozi ya kioo, kisha kioo kikaja juu yake. Bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye kaburi la nguzo la Mambrui, kaskazini ya Malindi, na zile zilizopamba zidaka za nyumba za mawe za Lamu, ni za aina hiyo. Zimekaa kwenye chumvi ya bahari kwa karne kadhaa na buluu yake bado ni buluu. Madini ya kobalti yamelala chini ya kioo. Jua haliwezi kuyafanya lolote.

Basi kwa nini binti hakutumia tanuri? Mama aliliuliza hilo kwa hasira, na watu wengi wangedhani jibu ni fedha. Fedha zilikuwemo, kwa sababu Lamu hakuna aliyemjua mwenye tanuri la kazi hiyo na ingebidi vipelekwe Nairobi. Jibu la binti lilikuwa zaidi ya hapo: aliwahi kuona sampuli ya stika ya kuchomea na wekundu wa lile ua ulikuwa umekufa, umekuwa kama matofali. Alikuwa amesema kweli. Wekundu wa waridi ulio mkali ni miongoni mwa rangi ngumu kabisa kwenye moto. Waridi nzuri za kauri za Ulaya zilipatikana kwa kutumia dhahabu, nyekundu nyingine hutaka madini ya kadimi na seleniumu yanayodai uangalifu mkubwa. Wino wa sablimesheni unalitoa ua la Sultani likiwa hai kabisa. Binti alichagua uzuri wa siku ya kwanza, na nina hakika alichagua kwa kulipenda lile ua.

Hapo ndipo kilipo kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Walianza na ua, wakatafuta njia ya kulibandika. Kikombe cha kunywea kila siku kinataka kinyume chake: kwanza ulizia moto unakubali rangi zipi, kisha katika maua yote ya vitabu vya kale chagua lile ambalo moto utalipokea. Michoro ni maelfu. Ya buluu, ya zambarau, ya kijani na ya manjano imejaa, na hizo ndizo rangi ambazo madini huzitoa bila shida.

Lawama nilizigawa kwa mafungu yale. Vilivyobanduka ni vya binti moja kwa moja, na yeye ana haki ya kumrudia aliyemuuzia vikombe vitupu. Vyenye michirizi ya waya ni vya nyumba. Vilivyopauka ndivyo vilivyotuweka mpaka baada ya alasiri. Mama alitoa simu yake na kutusikilizisha ujumbe wa sauti aliompelekea binti siku ya kuagiza: vikombe ni vya chai ya asubuhi, juu darini, kila siku. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inasema wazi kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayokusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa lazima ifae kwa matumizi hayo. Binti alijua ni vya darini. Alijua pia, au kazi yake ilimpasa ajue, kwamba wino ule hauvumilii jua. Hakusema. Kwa upande mwingine, kichanja kingeweza kusogezwa chini ya makuti kwa dakika moja, na mama aliona vinapauka wiki baada ya wiki bila kumwambia. Nilipendekeza fungu hilo ligawanywe, binti abebe sehemu kubwa zaidi. Mwenye kujua mali yake ana wajibu wa kusema kabla hajaulizwa, na hapa sikuona sababu ya kumpunguzia kwa kuwa ni kijana.

Palikuwa na dai jingine dogo ambalo mama alilileta mwishoni. Kikombe cha sampuli kilikuwa na rangi ya maziwa mabichi nyuma ya ua, ile rangi ya karatasi iliyozeeka. Vya mzigo vilikuwa vyeupe. Binti alieleza kwamba kwenye sampuli karatasi ile ya kale ilionekana kama doa la mraba juu ya weupe wa kikombe, akaona aisafishe. Kwa jicho la ufundi alifanya vizuri. Kwa jicho la biashara alikosea, maana sheria hiyohiyo inataka mzigo ulingane na sampuli, na ujumbe mmoja wa simu ungetosha kuomba ruhusa. Mama alilisamehe hilo. Angetaka kulishikilia, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hii ilikuwa mbali sana chini ya hapo, lakini hakuna aliyelitaka.

Oda mpya tuliipanga siku ileile. Vikombe vizima vya ua la Sultani, vya kabatini na vile vilivyosalimika, vimehamishiwa vyumbani kwa wageni, vinaoshwa kwa sifongo na vinakaushwa ndani. Vya darini vitachomwa tanurini Nairobi. Ua lililochaguliwa ni lile dogo la zambarau la milima ya Usambara, ambalo afisa Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliliona na kulipeleka kwao, likapewa jina la Saintpaulia mwaka 1893 na kuchorwa kwenye jarida lilelile la Curtis mwaka 1895. Ndugu yake mmoja, aliyepewa jina la Saintpaulia rupicola, anaota kwenye miamba ya chokaa ya Kaunti ya Kilifi, ileile yenye Malindi, na yuko hatarini kutoweka. Buluu na zambarau zake zinatoka kwa kobalti, majani yake manene ya kijani hayana ugumu. Mama alipoonyeshwa picha alinyamaza kidogo, kisha akasema lile jekundu lilikuwa zuri zaidi. Ni kweli, lilikuwa zuri zaidi. Lakini alikubali.

Niliweka masharti mawili ya kiafya. Picha isikaribie mdomo wa kikombe. Sentimita mbili za juu zibaki bila rangi, kwa sababu rangi za juu ya kioo zinaweza kuwa na madini ya sumu, risasi au kadimi, na midomo ndiyo hugusa hapo. Fundi wa tanuri pia aonyeshe cheti cha rangi zake. Kipimo cha kimataifa hujaza chombo asidi ya siki ya asilimia 4 kwa saa 24, kisha hupima kiasi cha madini hayo kilichotoka. Kukiloweka kwa ndimu nyumbani na kutazama kama rangi imebadilika hakuthibitishi usalama, hata kama watu wengi huridhika nako.

Kabla ya dazeni zote, kitatangulia kikombe kimoja. Kitawekwa kwenye kichanja cha jua na kusuguliwa kwa waya na mfanyakazi yuleyule wa jikoni, kwa mwezi mzima, na mama ndiye atakayeamua. Gharama ya kuchoma ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Binti analipa sehemu yake kwa kupunguza faida, mama analipa iliyobaki kwa awamu mbili. Mzigo ukivunjika kati ya Nairobi na gati ya Mokowe ni hasara ya binti, na ukivunjika kwenye boti au juu ya punda baada ya hapo ni ya mama, kwa kuwa wabebaji ni wake. Yote hayo yameandikwa kwenye karatasi moja, na kila mmoja ana nakala yake.